Modbus na Profibus za zamani kwenye Etherneti ya leo: lango lisitufiche kifaa kilichokufa

Mita ya umeme iliyofungwa mwaka 2003 bado inapima. Inveta ya feni bado inazungusha mota. Mizani ya mkanda bado inajua tani zake. Kinachochoka mapema ni kile kilichokuwa kinazungumza navyo: PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo) iliyozeeka, kompyuta ya chumba cha kuendeshea mitambo yenye kadi isiyotengenezwa tena, programu inayokubali Windows XP tu. Siemens wameanza kuiondoa familia ya S7-300 kwenye mauzo, na hiyo ndiyo PLC iliyobeba Profibus kwenye viwanda vingi mno.

Swali linawafikia mafundi wa Tanga kwa sura moja, awe fundi yuko kwenye saruji Pongwe, kwenye pampu za maji ya bwawa la Mabayani, au kwenye korona ya mkonge kule Muheza. PLC mpya ina matundu ya Etherneti peke yake, vifaa vya chini vina waya mbili za fildibasi ya zamani (njia ya mawasiliano ya vifaa vya uwanjani, kama Modbus au Profibus), na meneja hataki kusikia habari ya kubadilisha vifaa 30 vinavyofanya kazi. Meneja ana haki. Kifaa kizima hakitupwi kwa sababu ya lugha kinayoisema.

Dukani utaambiwa ununue getiwei, yaani lango: kisanduku cha kufunga kwenye reli ya DIN, upande mmoja waya za zamani, upande wa pili tundu la RJ45. Ni sawa, ndicho kinachohitajika. Lakini kazi hii huharibika mahali pawili ambapo kijitabu cha lango hakipagusi sana. Pa kwanza ni shaba iliyoko kabla ya lango. Pa pili ni namna lango linavyotoa habari ya kifaa kilichonyamaza. Nitakaa hapo kuliko pengine.

Shaba kwanza

Modbus RTU, lugha iliyotolewa na Modicon mwaka 1979, na Profibus DP kwa kawaida husafiri juu ya RS-485. RS-485 hupima tofauti ya volti kati ya waya mbili. Tofauti ikizidi milivolti 200 upande mmoja, kipokezi kinasoma 1. Ikizidi upande wa pili kinasoma 0. Katikati ya hapo kinaweza kusoma chochote.

Laini yenye kasoro inaweza kuishi miaka mingi kwa sababu PLC ya zamani ilikuwa inarudia swali mara tatu au nne kimyakimya. Ukiweka lango jipya lenye subira fupi, kasoro zile zile zinakuwa alamu, na lawama inaliangukia lango. Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote kutoka Dar, pima laini uliyonayo.

Zima vifaa vyote vya laini ya Modbus, weka multimita kwenye omu, pima kati ya A na B. Ukipata karibu omu 60, kuna rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho, na ndivyo inavyotakiwa. Ukipata 120, mwisho mmoja hauna rezista. Ukipata 40, kuna ya tatu mahali fulani katikati, mara nyingi swichi ndogo ndani ya kifaa ambacho zamani kilikuwa cha mwisho kisha laini ikarefushwa. Ukipata maelfu ya omu, hakuna rezista kabisa. Laini fupi ya mita chache kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde itafanya kazi hata hivyo, lakini laini ya mita 600 itakusumbua.

Profibus hufungwa kwa namna nyingine. Mwisho wake una rezista tatu, 390, 220 na 390, na zile za pembeni zinalishwa volti 5 na kifaa chenyewe kupitia pini ya 6 na ya 5 ya konekta. Hapa pana mtego mkubwa: kifaa cha mwisho kikizimwa kwa matengenezo, ufungaji wa mwisho unakufa pamoja nacho, na vifaa vingine vinaanza kupotea na kurudi ovyo. Watu huhangaika na vifaa hivyo vingine wakati kosa liko kwenye breka ya kifaa cha mwisho. Dawa ni kufunga kizibo cha mwisho chenye umeme wake wa volti 24. Ukipima laini hii konekta zikiwa zimechomolewa kwenye vifaa, tarajia karibu omu 110. Ukipata 220, mwisho mmoja tu ndio uliofungwa. Pia kagua swichi ndogo ya kila konekta. Ikiwa imewekwa ON katikati ya laini, konekta nyingi hukata kebo inayoendelea mbele, na kila kilichoko baada ya hapo hakionekani.

Modbus ina jambo moja la ziada. Kifaa chochote kisipozungumza, laini inaelea, na kelele kidogo inasomwa kama mwanzo wa ujumbe. Kwa hiyo inahitaji rezista mbili za kuivuta laini: moja kutoka waya chanya kwenda volti 5, nyingine kutoka waya hasi kwenda sifuri. Omu 560 kila moja zinatosha: zikikutana na omu 60 za mwisho zinaacha kama milivolti 250 kwenye laini, juu kidogo ya ile 200. Malango mengi yanazo ndani na unaziwasha kwa swichi. Ziwashwe mahali pamoja tu.

Kuhusu A na B, msiamini herufi. Watengenezaji hawakukubaliana, kuna wanaoita A waya chanya na kuna wanaoita A waya hasi. Kifaa kimoja kikikataa kujibu na mipangilio yote iko sawa, badilisha waya zake mbili. Haitaunguza kitu. Kwenye Profibus rangi zinasaidia: kebo ya zambarau, waya nyekundu ni B kwenye pini ya 3, kijani ni A kwenye pini ya 8.

Waya wa tatu husahaulika. RS-485 huitwa ya waya mbili, lakini vifaa vinahitaji sifuri ya pamoja, kwa sababu kipokezi huvumilia tofauti ya kati ya volti −7 na +12 tu kutoka kwenye sifuri yake. Tumia kebo yenye jozi moja na waya mmoja wa ziada; Belden 3106A ni ya namna hiyo. Kebo ya Cat5e inatumika sana kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, na kwa umbali mfupi ndani ya jengo inakubali: jozi moja kwa A na B, jozi nyingine nzima kwa sifuri. Usichukue A kwenye jozi moja na B kwenye jozi nyingine. Kosa hilo linaondoa faida yote ya kusokotwa kwa waya.

Sasa ya hapa kwetu pwani. Hewa ya chumvi hula teminali. Shaba tupu iliyobanwa na bisibisi inaota kutu ya kijani, ukinzani unapanda, na ukinzani huo unabadilika na unyevu, kiasi kwamba laini inakataa alfajiri na kupona saa tano jua likishakausha paneli. Ukiona hitilafu inayofuata saa za siku namna hiyo, acha programu, fungua teminali. Kata ncha ya waya hadi ufikie shaba inayong'aa, vika feruli, kaza upya. Vumbi la saruji au chokaa likikutana na unyevu linaganda juu ya kadi, basi paneli iwe ya IP54 kwenda juu, kila tundu la chini lizibwe kwa glandi, hata lisilo na kebo. Mijusi na sisimizi hupitia humo humo.

Na radi. Msimu wa masika na wa vuli, laini ya shaba inayotoka jengo moja hadi jingine ndiyo inayoingiza balaa ndani. Ethi za majengo mawili hazilingani hata siku ya kawaida. Pima volti za AC kati ya shildi (kivishio cha chuma cha kebo) na ethi ya upande wa pili kabla hujaziunganisha. Ukikuta volti kadhaa, usipitishe shaba hapo. Ushauri wangu ni kwamba lango likae kwenye jengo lile lile lenye vifaa vya zamani, na kutoka hapo hadi chumba cha udhibiti ipite faiba. Vigeuzi vya faiba ya modi nyingi kwa megabiti 100 vinafika kilomita 2. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuhamia Etherneti ambayo haitajwi vya kutosha: unapata nafasi ya kufuta shaba ya uwanjani.

Lango la kupitisha na lango la kutunza

Malango ya Modbus ni ya aina mbili, na lazima ujue umenunua ipi.

La kwanza linapitisha tu. PLC au kompyuta inatuma swali la Modbus TCP kwenye mlango wa 502, lango linaondoa kichwa cha baiti 7, linaongeza CRC (namba ya kukagua makosa), linalitupa swali kwenye laini ya RS-485, linasubiri jibu, linalirudisha. Namba ya kifaa inakaa kwenye baiti ya mwisho ya kile kichwa, kwa hiyo IP moja inabeba vifaa vingi, kila kimoja na namba yake kati ya 1 na 247. Halihitaji kujua rejista zako, yaani visanduku vya namba ndani ya kifaa. Mipangilio yake ni kasi, pariti (biti ya kukagua kila herufi), IP na muda wa kusubiri, basi.

La pili linatunza. Lango lenyewe ndilo linalouliza vifaa kila mara, linaweka majibu kwenye kumbukumbu yake, na PLC inasoma kumbukumbu ile. Ukitaka kutoka Modbus kwenda Profinet au EtherNet/IP (lugha za viwandani juu ya Etherneti) huna njia nyingine, kwa kuwa mitandao hiyo hutaka data iwe tayari kila milisekunde chache na laini ya 9600 haiwezi.

La kupitisha lina udhaifu wa foleni. Wakiuliza wawili kwa pamoja, PLC na kompyuta ya ripoti, maswali yanapangwa mstari kwenye waya ile ile, na yule wa ripoti akiwa mlafi PLC inachelewa. La kutunza halina shida hiyo, lakini lina hatari ya thamani zilizokufa, nitakayoifikia.

Kwanza tufanye hesabu ya muda, maana bila hesabu hii watu huahidi vitu visivyowezekana. Kwa kasi ya 9600 na pariti, kila baiti ni biti 11, sawa na milisekunde 1.15. Swali la kusoma rejista ni baiti 8: milisekunde 9.2. Jibu la rejista 10 ni baiti 25: milisekunde 28.6. Ukimya wa herufi 3.5 kati ya ujumbe na ujumbe, mara mbili: milisekunde 8. Kifaa chenyewe kinafikiri, tuseme milisekunde 20. Jumla kama 66. Vifaa 20 ni sekunde 1.3 kwa mzunguko mmoja, na hiyo ni laini nzima isiyo na kosa.

Mtu akisoma rejista zile 10 moja moja, kila swali linagharimu kama milisekunde 45, na kifaa kimoja kinakula 450 badala ya 66. Kwa hiyo kusanya rejista zinazofuatana uzisome kwa swali moja, hata kama katikati kuna mbili usizozihitaji. Kikomo ni 125 kwa swali. Angalia tu kwamba vifaa vingine hukataa swali zima likigusa rejista isiyokuwepo.

Halafu kifaa kimoja kikifa. Muda wa kusubiri ukiwa sekunde 1 na majaribio 3, kifaa hicho kimoja kinaongeza sekunde 3 kwenye kila mzunguko, na data ya vifaa 19 vizima inachakaa kwa ajili yake. Weka milisekunde 200 hadi 300, jaribio la ziada moja, na kama lango linaruhusu, kifaa kilichokosekana kiulizwe mara moja tu kila sekunde 30 hadi kirudi. Mipangilio ya kiwandani ya malango mengi ni ya subira ndefu kuliko inavyofaa.

Ikiwa hesabu inakataa, usipandishe kasi kwanza. Gawa laini. Lango la matundu mawili au manne ya RS-485 linagharimu zaidi kidogo, lakini vifaa 10 kwa kila tundu vinakupa nusu ya muda, na hitilafu ya upande mmoja haiui upande wa pili.

Namba zinazofika zimegeuka

Kosa la kwanza ni la moja zaidi au moja pungufu. Kitabu cha mita kinasema rejista 40001, kwenye waya hiyo inasafiri kama anwani 0. Programu nyingine zinakutolea hiyo moja zenyewe, nyingine hazikutolei. Ukisoma volti ukapata kitu kinachofanana na ampea, sogea rejista moja kabla ya kulaumu kitu kingine.

La pili ni mpangilio wa maneno. Rejista ya Modbus ni biti 16, namba yenye desimali inahitaji biti 32, kwa hiyo inakaa kwenye rejista mbili, na watengenezaji hawakubaliani ipi itangulie. Volti 230 kwa heksadesimali ni 4366 kisha 0000. Ukizigeuza unapata namba ndogo kiasi kwamba skrini inaandika 0. Fundi anaona sifuri, anadhani mita haina umeme, anakwenda kufungua fyuzi. Kabla ya kufika kwenye fyuzi, soma rejista mbili zikiwa ghafi kwa heksadesimali: ukiona 43 na kitu mbele yake, volti ipo, mpangilio ndio uliogeuka. Kwa wanaokwenda EtherNet/IP, jua kwamba huko baiti ndogo hutangulia, wakati Modbus na Profibus hutanguliza kubwa, kwa hiyo baiti nazo hugeuzwa.

La tatu ni kusoma rejista moja ya kihesabio cha biti 32. Kilowati-saa zinapanda vizuri hadi 65,535 kisha zinarudi sifuri, na ripoti ya mwezi inatoka na namba hasi.

Haya yote yajaribiwe mezani kabla lango halijafungwa. Chukua adapta ya USB kwenda RS-485 na programu ya bure kama QModMaster au mbpoll. Kwa mfano, kifaa namba 5, kasi 9600, pariti shufwa, rejista 10 kuanzia ya kwanza:

mbpoll -m rtu -a 5 -b 9600 -P even -t 4 -r 1 -c 10 /dev/ttyUSB0

Ikijibu hapo, lango nalo litajibu. Isipojibu hapo, lango halitafanya muujiza. Kumbuka tu kwamba laini ya RTU ina mwulizaji mmoja: huwezi kuchomeka laptopu ikiuliza huku PLC ya zamani inaendelea kuuliza. Majibu yatagongana, na kama ni laini inayoendesha mota, usilifanye jambo hilo mtambo ukiwa kazini.

Thamani iliyokufa

Chukua kipima kina cha tanki la maji. Kinafika mita 3.2, kisha waya wake unakatika saa mbili usiku. Lango la kutunza, kwa mpangilio wake wa kawaida, linaweza kuendelea kuipa PLC ile 3.2 hadi asubuhi. Skrini haina alamu, Etherneti iko salama, taa ya lango ni ya kijani. Pampu inaendelea kujaza tanki lililokwisha kujaa, au haiwaki wakati tanki limekauka. Hakuna aliyekosea ila namba imebaki pale bila mwenyewe.

Tanga tuna msemo wa waja leo waondoka leo. Thamani inayotoka uwanjani nayo iwe hivyo: ije, iondoke, ije nyingine. Iliyokaa mno ishukiwe.

Lango la kupitisha ni la kweli zaidi kwa tabia yake. Kifaa kisipojibu, linarudisha kosa namba 0B, maana yake njia ipo lakini kifaa hakikujibu. Kosa 0A linasema njia yenyewe ya kupitia kwenye lango haipo, mara nyingi namba ya kifaa haijapangiwa tundu. Kosa 02 linatoka kwa kifaa chenyewe: kiko hai, umeuliza rejista ambayo hakina. Kwa hiyo 02 ni habari njema kidogo, shaba iko sawa. Programu ya PLC isiyameze makosa haya, iyaandike mahali mtu anaweza kuyaona.

Kwenye lango la kutunza, tafuta mpangilio wa nini kifanyike kifaa kikinyamaza: kushika thamani ya mwisho, kuweka sifuri, au kuweka thamani unayoichagua. Wengi huchagua sifuri wakiamini ni salama. Kwa kina cha tanki, sifuri inaiambia pampu tanki ni tupu, jaza. Ninachokiona kinafaa ni kushika thamani ya mwisho lakini kuipeleka pamoja na biti ya hali ya kifaa hicho. Karibu kila lango la aina hii lina neno la hali ambapo kila kifaa kina biti yake. Liingize kwenye ramani ya data tangu siku ya kwanza. Ndani ya PLC, biti ikianguka kwa sekunde 5, thamani isitumike kuendesha chochote, alamu itoke, na mtambo uende kwenye hali uliyoipanga kwa akili yako.

Ongeza na ulinzi wa pili usiotegemea lango. Kwa mita ya umeme upo bila gharama: soma masafa kwa desimali mbili. Umeme wa gridi hautulii, leo 49.97, sekunde inayofuata 50.02. Masafa yasipobadilika hata kidogo kwa sekunde 60, unasoma kumbukumbu, husomi mita. Kwa inveta, tumia ampea za mota inayozunguka. Kwa lango lenyewe, mengi yana kihesabio kinachopanda kila mzunguko. Kikisimama, usiamini chochote kilichotoka humo.

Na neno moja lisilo na mjadala: swichi ya dharura haipiti kwenye lango. Ibaki na waya wake hadi kwenye kontakta au kwenye pembejeo ya usalama ya inveta.

Profibus kwenda Profinet

Hapa lango linakuwa mkuu, yaani mwulizaji, wa laini ya Profibus, na kwa PLC mpya linaonekana kama kifaa cha Profinet. Unahitaji mafaili ya maelezo ya vifaa, ya aina mbili tofauti: GSD ya kila kifaa cha zamani, inayoingia kwenye programu ya lango, na GSDML ya lango, inayoingia kwenye programu ya PLC. Tafuta GSD mapema. Ya kifaa cha miaka 20 huenda haipo tena kwenye tovuti ya mtengenezaji, lakini ipo ndani ya mradi wa PLC ya zamani. Nakili mradi huo kabla betri ya PLC haijaisha na kabla kompyuta yake haijafutwa.

Kutoka kwenye mradi huo andika kwa kila kifaa: anwani, moduli kwa mpangilio wake, idadi ya baiti za kuingia na kutoka. Mpangilio wa moduli ukitofautiana hata kwa moja, kifaa kinakataa kuanza kubadilishana data ingawa kinaonekana kwenye laini. Inveta za namna ya MICROMASTER, kwa mfano, zinaweza kuwa zimepangwa kwa muundo wa data wa PPO1, yenye maneno 4 ya vigezo na 2 ya data, au PPO3, yenye maneno 2 ya data peke yake. Ukikosea hapo taa inabaki nyekundu. Ukishapatia, neno la amri ni 047E kwa kuiandaa, kisha 047F kwa kuiwasha, na kasi kamili ni 4000 ya heksadesimali. Kutuma 047F moja kwa moja bila kupitia 047E hakuiwashi, na hilo hupoteza saa nyingi za watu.

Kasi ya laini ishushwe ukiweza. Kilobiti 1,500 kwa sekunde inaruhusu mita 200 kwa sehemu moja, 500 inaruhusu 400, 187.5 inaruhusu 1,000. Kuanzia megabiti 3 hadi 12 ni mita 100 tu. Kwa feni, pampu na mikanda, kilobiti 500 zinatosha kabisa. Vifaa vinazijua kasi zenyewe, unabadilisha kwa mkuu peke yake. Sehemu moja inabeba vituo 32 pamoja na ripita.

Upande wa Profinet, kifaa kinatambulika kwa jina kabla ya IP. Jina liwe na herufi ndogo, tarakimu na kistari: lango-kinu-2. Nafasi na mstari wa chini havikubaliki. Lango likibadilishwa, jina lile lile liandikwe kwenye jipya, la sivyo PLC hailioni hata kama IP ni sahihi.

Kuchelewa kunajumlika: mzunguko wa PLC, wa Profinet, wa ndani ya lango, wa Profibus. Kwa kasi ya feni hutahisi. Kwa mtambo unaotaka mota mbili zifuatane kwa usahihi, usipitishe kwenye lango, badilisha inveta.

Mtandao, kisha siku ya kubadili

Modbus TCP haina nywila. Yeyote anayefika mlango wa 502 anaweza kuandika rejista ya kasi ya mota. Lango liwe kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) ya mitambo, mbali na kompyuta za ofisi na Wi-Fi ya wageni, IP yake iwe ya kudumu, na faiawali iruhusu anwani mbili tatu tu. Ripoti zikihitaji kusoma, zima uwezo wa kuandika kwa upande huo. Malango mengi yanaweza. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyo hiyo. Usiliweke kwenye intaneti kwa kufungua mlango wa ruta ili fundi wa mbali aingie. Apitie VPN.

Umeme wa volti 24 wa lango na swichi upite kwenye moduli ya kuhifadhi umeme, maana umeme ukikatika kidogo PLC huweza kurudi kabla ya lango kumaliza kuwaka. Programu ya PLC isubiri neno la hali la lango liwe sawa ndipo itoe amri kwa inveta yoyote.

Siku ya kubadili iwe ya matengenezo yaliyopangwa. Konekta za zamani zisikatwe. Ziwekewe lebo ili kurudi nyuma kuwe kazi ya dakika 15. Vifaa viingizwe kimoja kimoja, na kila kimoja kilinganishwe na namba iliyoko kwenye uso wake mwenyewe, siyo na skrini ya zamani.

Vikishaingia vyote, anza kuvikata. Chomoa konekta ya kila kifaa kwa zamu, hesabu sekunde hadi alamu itoke, tazama thamani inafanya nini, rudisha, hakikisha kinajirudia bila kuguswa. Kizime kifaa cha mwisho cha laini uone wengine wanabaki. Chomoa Etherneti ya lango. Kata volti 24 zake na urudishe. Kila jaribio liandikwe na muda wake. Mwishoni pakua faili la mipangilio ya lango, weka nakala mbili sehemu mbili, na chapisha orodha ya anwani, kasi, pariti, rejista na jina la Profinet. Karatasi hiyo ivikwe plastiki kabla ya kubandikwa ndani ya mlango wa paneli. Unyevu wa pwani hufuta wino wa karatasi tupu kabla ya mwaka kuisha.